Nyanya Uani kwa Halmashauri

Nilikuwa mtoza ushuru katika soko la mji wetu, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kila asubuhi nilipita na mashine ya risiti, na kila mwenye meza au tenga alilipa. Halmashauri ilikuwa imeahidi kulijengea soko paa kwa fedha hizo. Wauzaji walikuwa wakililipia paa hilo tangu kabla sijaajiriwa.

Masika moja, mama mmoja akakataa. Alikuwa mjane kutoka Vugiri, kule milimani, muuza nyanya, rafiki wa marehemu mama yangu. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilisha mpaka nikamaliza shule. Nilimwita mama mdogo.

Maji yalikuwa yanampita miguuni. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, nitalipa siku nitakayouzia pakavu."

Wenzake wakacheka, wakarudisha hela zao vibindoni. Afisa mapato alikuwa nyuma yangu na mgambo wawili.

"Unamfahamu huyu?" akaniuliza.

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki moja. Nikasema, "Hapana."

"Basi chukua mzigo."

Mama mdogo hakung'ang'ania wala hakupiga kelele. Alinitazama tu nikibeba matenga yake mawili, moja baada ya jingine, hadi kwenye gari. Waliobaki walilipa haraka. Hata waliokwisha kulipa walinionyesha risiti kabla sijauliza.

Matenga yaliwekwa uani kwa halmashauri, yakipigwa mvua na jua kwa zamu. Siku ya kwanza mama mdogo alipoyafuatia, aliambiwa mhusika yuko kikaoni. Siku ya pili akaambiwa faini, nayo ilizidi bei ya nyanya zenyewe. Alikaa kwenye benchi la nje, nami nikampita mara tatu nikijifanya nasoma faili.

Kikao kilikuwa cha madiwani, na nilitumwa kuwagawia makabrasha. Humo nikasikia fedha za paa zikihamishiwa kwenye matengenezo ya magari na posho. Mmoja akauliza wauzaji wataambiwa nini.

"Waambie masika yanaisha," mwenzake akajibu.

Wakacheka. Nami nikacheka, maana walikuwa wananitazama.

Siku ya nne mama mdogo alikopa, akalipa faini. Nyanya zilikuwa zimeoza, maji yake yakichuruzika hadi kwenye ngazi. Afisa alisema ua wa serikali si jalala, asafishe kwanza ndipo aondoke. Akapewa ufagio, nami nikaamriwa nimsimamie. Alifagia ameinama, pindo la kanga limelowa uchachu. Nilitaka kumpokea ule ufagio. Sikumpokea.

Mkataba wangu ukaongezwa, na safari hii wakanipa wa mwaka mzima.

Mama mdogo hakurudi sokoni. Baada ya mavuno nilipanda Vugiri na kilo tano za sukari na doti ya kanga. Nikamwamkia, akaitikia. Akanitengea chai na magimbi kama anavyotengewa mgeni yeyote. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akaniuliza kama njia ilikuwa na utelezi. Nikarudia. Akasema chai inapoa.

Nilipokuwa barazani navaa viatu, nikamsikia ndani akizungumza na binti yake, wala hakujisumbua kushusha sauti.

"Umemwona vizuri yule?"

"Nimemwona, mama."

"Akija tena, mwambie sipo. Na hiyo sukari mpelekee jirani."