Majani Niliyoyafukia Mwenyewe

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo maandishi ya kwenye ile chupa sikuyasoma. Tena yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Nilinunua dawa ya kuua majani mjini, nikajaza bomba la mgongoni, nikapuliza shamba letu lote huko nyuma ya Kizwite. Kiuno kilikuwa kimenichosha, nisidanganye. Majani yakafa, nikafurahi.

Sasa sisi Wafipa majani hatuyaachi juu. Tunayafukia kwenye matuta ya duara yaoze humo, tunapanda maharage juu yake, mwaka unaofuata tunavunja matuta na kusia ulezi. Baba yangu alilima hivyo, naye alikuwa mkali mno, ila hayo tuyaache. Nami nikafukia. Sumu nikaizika kwa mikono yangu, tuta baada ya tuta, kama mtu anayeficha kinyesi chini ya kitanda anacholalia.

Maharage yakaota yamejikunja. Nikafukua tuta moja: majani hayajaoza, yananuka kama siku ile nilipoyapuliza, na nyungunyungu hata mmoja hakuna. Nikatapika palepale. Mke wangu, ambaye chungu chake kilitegemea shamba hilo, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mzee, ulitaka kutulisha nini?"

Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa kata, akashauri tupande miti ya kwetu, miyombo na migunga. Alisema mizizi na majani yanayodondoka hulisha vijidudu vya ardhini, na hivyo ndivyo vinavyoimaliza sumu, polepole. Miche ile inataka pia udongo wa chini ya miti mama, ile mikubwa ya aina yake. Huku kwetu mlimani tulishaikata yote, aibu nyingine hiyo. Nikapanda lori la kwenda Muze, kule bondeni, nikashukia porini kwenye mteremko, nikarudi na kiroba cha udongo, kikatosha miche ya pembeni mwa shamba tu. Majirani wakacheka kwamba mzee kaishiwa udongo, kaenda kuomba bondeni.

Kila msimu wa mvua mke wangu hupanda punje chache za maharage, kuanzia kwenye miche hadi katikati ya shamba, apime. Miaka miwili yalijikunja, nami nikawa nageuza uso. Msimu huu yaliyo karibu na miti yamenyooka. Ya katikati, mbali na miti, bado ni yaleyale, yamepinda, yananichefua.

Mke wangu aliyatazama yote, mstari kwa mstari, hakusifu kitu.

"Katikati bado," akasema, akanipa kiroba kitupu.

Nikaenda barabarani kungoja lori.