Simbilisi Waliofunga Ramadhani

Juzi mtoto wa jirani alimletea simbilisi wake kipande cha tikiti, na kale kanyama kanene kasiko na mkia kakapiga mluzi wa furaha. Mluzi ule ulinirudisha Garsen, uani kwa shangazi Mwanaidi, kwenye vumbi na harufu ya ng'ombe waliokuwa wakipitishwa kwenda mnadani.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kila magharibi, adhana ikianza, shangazi alipasua tikiti, na simbilisi wake wawili wakapiga miluzi tunduni. Leo najua walikuwa wakisikia kisu. Wakati ule niliamini wamefunga kama sisi na wanalilia futari. Iliniuma kuona wanapewa kipande chembamba tu, tena kimetolewa mbegu.

"Utamu mwingi utawaharisha," shangazi alisema. "Chakula chao ni majani."

Alasiri moja nilitoka madrasa, koo limenikauka, nikamkuta jike akitafuna majani bila haya. Nikakimbilia jikoni, shangazi akikuna nazi.

"Shangazi, jike anakula mchana!"

"Mwache, mwanangu. Ana mimba huyo, karuhusiwa."

Hilo hata madrasa tulifundishwa. "Na dume je? Naye anatafuna."

Mkono wake ukasimama juu ya nazi.

"Huyo ni msafiri," alisema. "Si alikuja na basi la Malindi?"

Nikaridhika kabisa. Magharibi nilipowapelekea tikiti lao, niliinama tunduni nikawanong'oneza kwamba wasijali, siku zao watazilipa baada ya Idi.