Augusto na Funguo za Turffontein

Nakumbuka asubuhi moja ya Agosti, baridi ya Johannesburg ikiwa bado imelala juu ya mabati, nilipofunguliwa geti la nyumba yetu kule Turffontein nikatoka na begi moja bila kujua naelekea wapi. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna kazi iliyoningoja. Mfuko wangu wa suruali ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa mwezi mzima, na wepesi ule ndio niliokuwa nautafuta. Keti nikueleze, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado ni za kutafutwa kwa kidole. Uzee wangu ni wa njia, si wa miaka.

Shule niliiachia Kigoma, darasa la sita. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza, ila miguu haikusikia. Hata hivyo hamu ya kujua mambo haikuniacha. Mwaka ule wa 2017 niliokota kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada kando ya barabara, karibu na chuo cha Doornfontein. Kilimhusu Augusto, yule Kaisari ambaye Wakristo humsikia kila Krismasi, aliyeamuru watu wote waandikwe. Nilikisoma polepole, jikoni, na yeyote aliyekuwa anangoja chungu chake kichemke alilazimika kunisikiliza.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita na watu wa kila namna: Wakongo, Mrundi mmoja, na mimi Mtanzania. Ilikuwa na desturi yake. Funguo tatu, wa geti, wa jiko na wa kijumba cha mita ya umeme, zilishikwa na mtu mmoja kwa mwezi mmoja. Jumapili ya kwanza ya mwezi alizirudisha mezani, na mwenye zamu iliyofuata akazichukua. Zamani kidogo mtu mmoja tuliyemwita Kanali alikataa kuzirudisha. Alitawala kwa kelele, mpaka rafiki zake wa sahani moja walipomtoa pamoja na godoro lake. Kisha wale waliomtoa wakagombana wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo alipoinuka mpwa wa Kanali, Bahati, mlinzi wa duka moja mjini.

Bahati hakuwa na kelele. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi, na yeye ndiye aliyemwita kila mtu "mkubwa wangu," hata Mrundi aliyekuwa mdogo kwake. Zamu yake iliangukia majira ambayo mtaani kulikuwa na uvumi mbaya kwamba wageni watashambuliwa, maduka yetu yanafungwa jua lingalipo. Akaomba mwezi wa pili, hali itulie. Tukampa. Akaomba wa tatu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Na tusimnyime haki yake: alilinda geti kweli, bafu likapata mpangilio, jiko likawa safi. Tulilala usingizi, mwanangu, na mtu aliyelala usingizi hahesabu funguo.

Kisha geti likaanza kufungwa saa mbili jioni bila sisi kuulizwa. Mama Sifa, msusi kutoka Bukavu, alikuwa anarudi na treni ya mwisho baada ya wateja wake. Siku tatu alisimama nje kwenye giza akigonga. Siku ya nne alimwambia Bahati mbele ya watu kwamba yeye analipa chumba, si kituo cha polisi. Bahati akatabasamu tu. Wiki ile ile tukasikia kwamba chumba cha Mama Sifa kinatakiwa na rafiki wa Bahati, na kwamba mwenye nyumba, ambaye siku hizo alizungumza na Bahati peke yake, amekubali. Binti wa Mama Sifa alikuwa anasoma shule ya pale pale mtaani. Angempeleka wapi katikati ya mwaka, na katika majira yale ya hofu?

Jumapili ya kwanza ya Julai tukakutana jikoni. Bahati akaziweka zile funguo tatu mezani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Wakubwa zangu," akasema, "mimi nimechoka. Sikuzaliwa kuwa chifu wa mtu. Chukueni."

Mrundi akaanza kumbembeleza asituache wakati kama huu, na wengine wakafuata. Mama Sifa alikuwa anatazama sakafu. Nami nikajua kinachofuata, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuisoma Jumapili ile kitabuni. Augusto naye, baada ya kuwamaliza wapinzani wake wote, alisimama mbele ya wazee wa Roma akasema anarudisha madaraka yote. Wazee wakamsihi ayashike. Akayapokea tena kama anayebeba mzigo wa wengine, akakataa kuitwa mfalme, akatawala mpaka kifo.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu, nikaweka mkono juu ya funguo.

"Amesema amechoka," nikasema. "Tumpumzishe."

Mama Sifa akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. Bahati hakucheka. Akaniuliza kwa upole ule ule, "Na wakija usiku, utawasomea kitabu?"

Aliyenijibia alikuwa Papa Ilunga, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mkubwa wetu wote kwa umri. Alisema tutalinda wawili wawili, na Bahati atashika zamu yake kama sisi wengine. Kisha akaongeza kwamba hakuna mtu atakayetoka katika nyumba ile kwa neno la mtu mmoja. Bahati akakohoa, akainuka, akaenda chumbani kwake. Hakuondoka katika nyumba. Alilinda zamu yake vizuri, nami sikumwona akilala hata mara moja. Mama Sifa akabaki katika chumba chake.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwema kuliko nilivyo. Lakini funguo zina uzito wake, mwanangu. Baada ya siku chache Mrundi alianza kuniita mkubwa. Watu wakaniomba ruhusa ya kupika, nami, badala ya kuwaambia jiko ni lao, nikawa naangalia saa kwanza. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwisho wa Julai nilijikuta mbele ya kioo cha bafuni nikiyapanga maneno yangu ya Jumapili: "Jamani, mimi nimechoka..."

Papa Ilunga alikuwa nje akingoja bafu. Aliposikia, hakupaza sauti.

"Mutoto, minakuonaka," akasema. "Kila wakati mukono yako iko mu mufuko, unaguzaguza zile funguo. Ule Kaisari wa mu kitabu yako, yeye alianza namna gani?"

Nikamjibu kwamba alianza kwa kuuokoa mji.

"Eh," akasema. "Na weye uliokoa Mama Sifa." Akachukua sabuni yake akaingia bafuni.

Nililala macho wazi. Nilikumbuka ukurasa wa mwisho wa kile kitabu. Augusto alileta amani ya kweli, na mwezi wa Agosti, tunaotetemekea baridi huku, bado unabeba jina lake. Lakini alikuwa ametengeneza kiti kikubwa mno, naye akafa kama watu wote, na katika waliokikalia baadaye walikuwamo wakatili na wendawazimu. Hata jina Kaisari likawa cheo. Bibi yangu alisimuliwa na wazazi wake juu ya Kaisa wa Wajerumani ambaye kwa amri yake watu wa Kigoma walichapwa viboko, naye Kigoma hakuiona kwa macho yake.

Jumapili niliziweka funguo mezani kimya. Zamu ilikuwa ya Mama Sifa. Mrundi akafungua mdomo kunisihi, nami nikaona jinsi nilivyokuwa na njaa ya kusihiwa. Kesho yake alfajiri Mama Sifa alinifungulia geti, nikaondoka.

Nilitembea nikifuata roboti, kama wanavyoziita huku taa za barabarani: inapowaka kijani ndiko ninakokwenda. Jioni miguu ilinifikisha Fordsburg, kwenye harufu ya nyama ya kuchoma. Mama mmoja wa Kitanzania anayeuza vitambaa alikuwa na kijichumba nyuma ya duka. Akanipa ufunguo mmoja.

"Huu ni wa mlango wako," akasema. "Geti tunashika kwa zamu. Mgeni huanzia mwisho."

Nikamshukuru kuliko alivyotegemea.

Basi, mwanangu, usimwogope tu anayenyang'anya. Mwangalie na anayekuhurumia, anayeshika kwa ajili yako mpaka usahau kwamba kitu ni chako. Na siku utakapomtoa mtu kitini, uangalie upesi miguu yako inakwenda wapi, maana kiti bado kina joto. Fanya zamu yako vizuri, kisha irudishe bila hotuba. Mungu akupe nguvu ya kushika na wepesi wa kuachia, na popote utakapofika jioni, akujalie mlango mmoja na ufunguo wake.