Koti Mapajani mwa Bibi Solveig

Nilirudisha lile komeo, au sikurudisha? Swali hili nimelala nalo na kuamka nalo tangu nikiwa na miaka tisa. Sasa nimemaliza chuo, nakaa nyumbani nikingoja kuitwa kazini, nalo limenikaba upya kwa sababu sina tena mitihani ya kulifukuzia. Kila likija huja na harufu: kahawa iliyochemka ikasahaulika, soksi za sufu zilizoanikwa juu ya kipasha joto, na dawa ya kusugulia sakafu. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba ya kulea wazee iliyokuwa Columbia Heights, jimbo la Minnesota huku Marekani, nyumba ya kawaida yenye vyumba sita na jiko moja, ambako mama yangu alifanya kazi kila Jumamosi na Jumapili katika miaka ya tisini. Baba alikuwa bado Moshi akisubiri viza. Hakukuwa na mtu wa kuniachia, basi mwenye nyumba aliniruhusu kukaa jikoni na madaftari yangu, mradi nisipige kelele.

Bibi Solveig alikaa kwenye kiti cha dirishani, akitazama kituo cha basi kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa na miaka tisini na kitu. Alizaliwa Norwe, akaja Minnesota akiwa msichana, akaolewa, akazaa, akazika mume. Lakini nilipomkuta akili yake ilikuwa imeiachia miaka hiyo yote na kubaki na mmoja tu, mwaka 1905, alipokuwa mtoto wa rika langu. Mama alikuwa na sheria moja ya kazi, na alinifundisha siku ya kwanza: “Usibishane na mzee, Aneth. Muulize yuko mwaka gani, umfuate huko huko.” Basi nikamfuata. Yeye aliniona mtoto wa jirani aliyetumwa kuleta habari, wala hakuwahi kushangaa kwamba jirani huyo alikuwa mweusi.

Mwaka wake haukufuata kalenda yetu. Nje theluji ingeweza kufika magotini, naye yuko Juni, nchi yao imejitenga na Uswidi, bendera mpya inapandishwa ngomeni na baba yake analia bila kujificha. Baada ya chai angekuwa Agosti, wanaume wamekwenda kupiga kura kuthibitisha huko kujitenga, na mama yake, ambaye kama wanawake wote hakuruhusiwa, anapita nyumba kwa nyumba na karatasi ili wanawake watie sahihi zao wenyewe. Halafu Septemba. Septemba alikunja mikono na sauti ikashuka, kwa kuwa kaka yake, Nils, alikuwa amepelekwa mpakani pamoja na askari wengine, na kila mtu alisubiri vita. Vita havikuja. Askari walirudi, Novemba mfalme mpya akashuka melini theluji ikianguka, watu wakashangilia. Nils hakurudi. Binti wa Bibi Solveig, mwalimu mstaafu aliyekuja kila Jumapili na keki, ndiye aliyenieleza jikoni kwamba Nils alizama ziwani akiwa njiani kurudi nyumbani, amani ikiwa imekwisha kutangazwa. Bibi Solveig hakupenda kuufikia mwisho huo. Alifika Septemba, akauliza, “Nils amerudi?” na asipojibiwa alirudi Juni kuanza upya.

Tukauzoea mwaka ule kama watu wanavyozoea hali ya hewa. Mama akinikuta mlangoni aliuliza, “Haya, kule leo mwezi wa ngapi?” Nikisema Novemba, alicheka: “Basi kamuulize mfalme kama anakunywa chai ya maziwa.” Nikisema Septemba hakucheka. “Mpelekee maziwa ya moto. Ukiulizwa, sema hujasikia.” Mimi nilianza kuogopa hata nyumbani. Nilipopita kwenye kituo chochote cha basi nilimtafuta kijana aliyelowa, asiye na koti, ambaye sikuwahi kumwona hata kwenye picha. Wakati mwingine nilimwona.

Mwezi wa kumi na moja, nikiwa na miaka tisa, Baba alipata viza. Jumuiya nzima ya Watanzania tuliowajua ilikwenda uwanja wa ndege kumpokea, magari manne, akina mama wamevaa vitenge juu ya majaketi. Mama alibeba koti zito mikononi njia nzima, amelikunja vizuri, kwa sababu anayetoka kwetu hufika na shati tu. Nililiona koti lile likifunguliwa na Baba akiingizwa ndani yake kama mtoto, na sikuwahi kuona kitu kizuri zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimejaa furaha mpaka kooni. Nilitoka mlango wa jikoni kutupa takataka, nikarudi, nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Solveig kumsimulia. Alikuwa Septemba. “Nils amerudi?” aliuliza. Na mimi, badala ya kusema sijasikia, nikasema, “Amerudi.” Nilitaka awe na furaha kama yangu. Akatazama kituo cha basi. “Mbona haingii?” Nikamweleza kama mtu mzima anayefundisha: “Kwetu anayerudi safari hangojwi kwenye kiti, Bibi. Unatoka kwenda kumpokea. Na unambebea koti.” Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekumbushwa adabu. Mimi nikaenda kuangalia katuni.

Komeo la mlango wa jikoni lilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, kwa sababu wazee hawawezi kuinama. Mama naye alipita mlango ule mchana huo huo. Ndiyo maana sijui, na ndiyo maana yeye alidhani anajua kwamba ni yeye aliyeliacha wazi.

Jioni inaanza saa kumi na nusu huku, mwezi ule. Mama ndiye aliyemwona kupitia dirishani, ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye benchi la kituo cha basi na gauni la ndani ya nyumba. Alikimbia na kandambili. Bibi Solveig alipelekwa hospitali akiwa hai, akapata homa ya mapafu, na theluji haikuyeyuka kabla hajazikwa. Mama aliambiwa asirudi kazini. Nilimsikia akimsimulia Baba, akirudia jambo moja ambalo hakulielewa: “Koti alikuwa nalo. Amelikunja, ameliweka mapajani. Kwa nini hakulivaa?” Nilikuwa nimekaa mezani nao. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua jibu, nikaendelea kula wali.

Chuoni nilichukua kitabu cha historia ya Norwe, nikisingizia insha. Mwaka wake wote ulikuwa na kurasa chache: Juni, Agosti, Septemba, Novemba, nchi iliyopata uhuru bila kumwaga damu. Nilitafuta jina la Nils mpaka nikaona aibu. Kisha nikarudi nyumbani kwetu Brooklyn Park, huku huku Minnesota, na kumtazama Mama, ambaye bado anafanya kazi ya kulea wazee, na ambaye hawezi kutoka bila kurudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango. Baba humtania kwamba mwizi akija atakuta Mama ameshika kitasa. Sisi hucheka. Mimi nimecheka miaka kumi na mitano, na kila mara nikihesabu: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Jumatatu iliyopita tulikuwa tunateremka ngazi kwenda kwenye gari. Alirudi mara moja. Akarudi mara ya pili. Alipogeuka kwa ya tatu nilimshika mkono, na mimi ambaye humjibu Kiingereza tangu niko shule ya msingi nikasema kwa Kiswahili chetu: “Mama, Bibi Solveig nilimwambia mimi. Nilimwambia Nils amerudi. Lile koti nilimwambia ambebee. Na mlango nilitoka mimi pia, sijui kama nilifunga.”

Alisimama na funguo mkononi. Nje kulikuwa na baridi na pumzi zetu zilionekana.

“Miaka yote hii?” aliuliza.

“Miaka yote hii.”

Alipanda ngazi, nikasikia kitasa kikijaribiwa, kisha mlango ukifunguliwa. Aliposhuka alikuwa amebeba koti langu, ambalo nilikuwa nimelisahau kitini.

“Vaa,” alisema, akanifungulia mikono ya koti.