Ncha ya Jani la Mkoko

Miaka ile ya soko huria, wakati kila mradi ulilazimika kuwa na kompyuta hata kama haukuwa na viti, niliajiriwa Kibiti kuandaa kitabu kidogo cha kutambulisha miti ya mikoko. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na nilijua jambo ambalo wenzangu ofisini hawakulijua: maandishi yaleyale, ukiyatia alama za HTML, zile za kurasa za mtandao, unaweza kuyatoa kwenye skrini na kwenye karatasi pia. Nililisema jambo hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Michoro ilichorwa kwa wino na mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi kule Mahege. Niliiskani, nikaipunguza iwe faili ndogondogo za GIF za kufaa skrini, na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, nikazifuta zile kubwa. Siku ya kuandaa kurasa za kuchapa, programu ikagoma. Haikuzitambua GIF, ilitaka EPS, aina ya faili za kuchapia. Nikazigeuza zote, programu ikanyamaza, nami nikajipongeza kwa soda. Kumbe kugeuza aina ya faili hakurudishi kilichokwisha kutupwa. Picha ya kimo cha stempu ilivutwa hadi ikajaa ukurasa, na mistari laini ya mwalimu ikawa ngazi za vijiboksi. Sikuitazama kwa makini. Nikapeleka nakala ya majaribio kwa bwana misitu.

Wiki chache baadaye mkata mikoko mmoja wa Kiongoroni aliingia ofisini na tawi lililofungwa kwenye gunia bichi.

"Wewe ndiye msomi wa kitabu?"

"Ndimi."

"Basi kitabu chako kimenikamatia boriti zangu."

Bwana misitu alikuwa mgeni, ametoka bara, na miti ya maji chumvi hakuwahi kuiona kabla ya kuhamishiwa kwetu. Kwa hiyo alitaka kila mkata aweke juu ya mzigo tawi moja lenye majani, ili yeye alilinganishe na kitabu. Jani la mkoko wenyewe, tofauti na miti mingine ya jamii ya mikoko, lina ncha nyembamba mwishoni, kama sindano. Katika picha yangu ncha ile ilikuwa imemezwa na vijiboksi, na kwenye maandishi sikuitaja, maana nilijiona hodari kwa kuandika tu: linganisha na picha. Kibali cha yule mkata kilikuwa cha mkoko peke yake, na boriti zake zikahesabiwa ni za mti mwingine.

"Nikamwambia, bwana, mimi mkoko naujua tangu sijaota meno. Akanambia, kitabu hakiujui huu."

Kamati ya vibali ingekaa Kibiti Jumatatu. Barua ya kutaka anyang'anywe kibali ilikuwa imeshaandikwa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilimwonyesha picha kwenye skrini, akakubali kwamba ni nzuri. Nikaikuza. Akainama, akatazama.

"Hili jani, msomi, au sakafu ya msikiti?"

Ijumaa asubuhi niliazima baiskeli nikaenda Mahege kuufuata mchoro wa mkoko, ule wenyewe wa wino. Mwalimu alikuwa ameubandika mchoro wake ukutani, darasa la nne.

"Mara ya kwanza uliurudisha una alama ya kikombe," alisema.

"Samahani, mwalimu."

"Samahani haifuti chai."

Nikamweleza habari ya boriti. Akaubandua mchoro taratibu kwa wembe, akauweka katikati ya makadibodi mawili, akanifungia mwenyewe kwenye baiskeli. Nadhani hakuniamini hata kwa kamba.

Jumamosi niliskani upya, nukta mia sita kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu. Nikahifadhi faili kubwa kama TIFF, nikaapa kutoigusa, kisha nikatoa humo EPS ya karatasi na GIF ya skrini, zote mbili kwa jina moja. Ndani ya maandishi nikakata mkia wa jina la picha, zile herufi tatu zinazotaja aina ya faili, nikarekebisha maelekezo ya programu ili kila njia, ya skrini na ya karatasi, ichukue picha yake. Mara mbili kompyuta ilijaa, ikaganda njiani. Mara zote mbili nilianza upya. Mkata alikuwa amekaa mlangoni akilinyunyizia maji tawi lake.

"Utaweza?" aliuliza.

"Nitaweza."

"Hata kile kitabu cha kwanza uliweza."

Ukurasa ulitoka Jumapili mchana. Ncha ilikuwepo, nyembamba, kali. Aliigusa kwa kidole, akakitazama kuona kama imemchoma.

Jumatatu bwana misitu aliuweka ukurasa mpya pembeni ya tawi, mbele ya kamati. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akanigeukia.

"Sasa mbona uliniletea kitabu kile?"

"Nilikosea," nilisema. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu aina za faili, lakini hakuna aliyeyaomba.

Bwana misitu alichana barua yake. Lakini mkata hakuondoka. Alisogeza kibali juu ya meza.

"Andika hapo kwamba boriti zilizoshikwa ni mkoko. Kesho wakikuhamisha wewe, akija mwingine?"

Bwana misitu akaandika, akagonga mhuri. Mkata akanipa kibali nimsomee. Nikamsomea. Akasema nirudie, polepole, na safari hii nisiruke hata neno.