Barua Iliyovuka Ziwa Mara Sita

Enzi zetu, kabla hujaulizwa umechaguliwa chuo gani, uliulizwa kwanza unatumia boksi la nani. Nasema na ninyi mliomaliza kidato cha sita Mwanza katika miaka ile ya soko huria, wakati marobota ya mitumba yalikuwa yameanza kufunguliwa barabarani na kila mtu mjini alikuwa ghafla mfanyabiashara. Mnakumbuka. Nyumba zetu hazikuwa na namba, na nyingine zilikaa juu ya majabali ambayo hata mbuzi aliyapanda kwa kufikiri. Hakuna karani wa posta ambaye angekufuata huko. Barua yako ilikwenda kwenye sanduku la parokia, la shule, la mwenye duka, au, kama mlikuwa watu wa heshima, la ofisini kwa baba.

Sisi tulikuwa watu wa heshima. Baba alikuwa mkaguzi wa pamba katika chama cha ushirika. Alikuwa akizamisha mkono kwenye gunia, anafumba macho kidogo, kisha anasema hii ni daraja la kwanza, hii mmeiacha ikanyeshewa, hii mmeichanganya na mchanga msidhani sijui. Wakulima walimwogopa kuliko padri. Tuliishi kwenye nyumba za ushirika, zenye bomba la maji ndani ya ua, na Jumamosi baba alinichukua kwenda naye posta mjini, nikiwa nimepakwa mafuta mpaka magotini.

Pale tulimkuta Bwana Mafuru, tarishi wa ushirika, mtu wa kisiwa cha Ukerewe. Alivaa kaunda suti ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na ufunguo wa boksi ulining'inia kiunoni kwa mnyororo. Aliniruhusu niuzungushe mwenyewe, kwa sharti moja.

"Shikamoo, Baba Mafuru."

"Hiyo ya kuguna puani mimi siipokei. Rudia."

Narudia. Ananipa ufunguo. Kile kimlango cha chuma kilikuwa baridi, na ndani kulinuka gundi na karatasi. Niliamini kabisa kwamba dunia nzima inaishi mle ndani, ikisubiri Mafuru aifungulie.

Kwa hiyo nilipojaza fomu za vyuo, sikujiuliza mara mbili. Niliandika boksi la ushirika kwa mwandiko wangu bora. Chaguo la kwanza, sheria, Dar es Salaam. La pili, kilimo, Morogoro. Kilimo nilimwandikia baba. Sheria nilijiandikia mimi, kwa sababu nzito sana: nilikuwa nimemwona wakili mmoja akitoka mahakamani na suti yenye vifungo viwili, na watu wakimpisha njia. Sikujua anafanya nini humo ndani. Nilichotaka ni kupishwa.

Fomu zikaenda. Na mara baada ya fomu kwenda, ushirika nao ukaanza kwenda. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mizani zao, wananunua pamba bila kuzamisha mkono wala kufumba macho. Ofisi ya baba ilipunguza watu, kisha ikapunguza waliobaki. Ilipofika zamu yake, tuliambiwa na nyumba tuiache. Tulihamia vyumba viwili Mabatini, nyuma ya fundi baiskeli, na baba hakumwambia mtu yeyote wa ofisini tumehamia wapi.

Mama hakupoteza siku. Alianza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa kwenda kwa wenye nazo. Vijana wa leo wanaokula chipsi kwa uma wa plastiki hawatanielewa, lakini panki lililokaangwa vizuri, lenye nyama iliyojificha shingoni, ukilila na ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, utanyamaza dakika kumi. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto na kusubiri barua. Nilinuka samaki mpaka kwenye vyeti.

Kusubiri kule kulikuwa na watazamaji. Mtaa mzima ulijua nina barua njiani. Wateja wa mama waliniuliza kabla ya kuuliza bei. Mwanzoni nilijibu kwa unyenyekevu. Baadaye nilianza kueleza kwamba watu wa sheria huchelewa kwa sababu serikali inawachunguza tabia kwanza. Sijui niliitoa wapi. Mama mmoja alinitazama juu mpaka chini, na mwiko wangu mkononi, akasema, "Basi wamekuona."

Nyumbani hatukulizungumza. Mimi niliamini baba anapita ofisini kuulizia barua. Baba aliamini zikifika, ofisi itatutafuta. Ukweli ni kwamba hakuwa amekanyaga kule tangu siku aliyopewa barua ya kupunguzwa kazi, maana hakutaka kuonekana mlangoni akiulizia kitu kama mwombaji. Nami sikutaka kumuuliza, nisije nikamlazimisha kulisema hilo. Tulikaa hivyo wiki baada ya wiki, tukiheshimiana, huku nafasi yangu ikiyeyuka.

Aliyetuamsha ni Yusufu, rafiki yangu wa darasani, mtoto wa fundi cherehani. Alikuja Jumanne moja mchana, ameshika bahasha yake kwa mikono miwili kama sahani yenye mchuzi.

"Wewe umejibu lini?" akaniuliza.

"Kujibu nini?"

"Acha utani. Fomu ya kukubali nafasi. Mwisho Ijumaa hii, usipojibu wanampa mtu mwingine."

Mama akageuza panki moja, halafu akaligeuza tena, lilikuwa halihitaji. Baba alikuwa amekaa mlangoni na redio. Aliizima. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati lake jeupe la ofisini, lile la mikono mirefu.

"Twende," akasema.

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Ofisi ya ushirika ilikuwa na kufuli mlangoni na nyasi kwenye ngazi. Mlinzi alisema hajawahi kuona karani tangu aajiriwe. Tukaenda posta. Mama wa dirishani alikuwa mpole lakini mkavu: hawezi kufungua boksi la watu bila ufunguo, hata kama ndani yake kuna mtoto analia.

"Ila boksi hilo halijajaa," akaongeza. "Kuna mzee anakuja kulifungua kila Jumatano, meli ya Nansio, Ukerewe, ikishafika. Kaunda suti ya kaki."

Baba alishika ukingo wa dirisha. Mafuru alikuwa amepunguzwa kazi hata kabla yake.

Kesho yake tulikuwa kwenye ngazi za posta tangu asubuhi. Adhuhuri ilipopita, Mafuru akatokea, kapu la machungwa begani, ile kaki sasa imepauka kwenye mabega. Ufunguo ulikuwa palepale kiunoni. Alipomwona baba aliliweka kapu chini taratibu, akasimama wima.

"Mkaguzi," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwita baba hivyo kwa miezi. Niliona shingo yake inanyooka ndani ya kola.

"Nimekutafuta, Mkaguzi. Nimekwenda kwenye nyumba yako, nikamkuta mtu hajui hata jina lako. Nimeuliza sokoni, nimeuliza kanisani. Umejificha wapi, bwana?"

"Mabatini," baba akasema, na kwa sauti ndogo, "nilijificha Mabatini."

"Mtu wa maana unajifichaje na una mtoto anayeandikiwa na serikali?" Akatoa ndani ya shati mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Ndani mlikuwa na bahasha mbili. Ya Dar alikuwa ameitoa kwenye boksi majuma matatu nyuma. Kila Jumatano aliondoka nayo kurudi Ukerewe, isije ikapotea mikononi mwa watu, na kila Jumatano alivuka nayo tena kuja Mwanza, huenda leo akatuona. Barua yangu ilikuwa imevuka ziwa mara sita kabla sijaigusa. Ile ya Morogoro ilikuwa imevuka mara mbili.

Nilinyoosha mkono. Akauzuia.

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, Baba Mafuru."

"Marahaba. Bado unaguna." Lakini hakunipa. Alitoa kwenye kapu, chini ya machungwa, lile daftari gumu la ofisini, ambalo tarishi humpa mpokeaji atie saini kwamba amepokea. Alilifungua kwenye ukurasa wenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula. "Kwanza mkubwa asaini. Hapa, Mkaguzi. Na tarehe."

"Mafuru," baba akasema, "ofisi imefungwa. Nani anakulipa kufanya hivi?"

"Nakuja kuuza machungwa yangu, posta iko njiani. Na hakuna aliyeniambia niache."

Baba akasaini, pole pole, saini ndefu ile ya kwenye vyeti vya pamba. Akaandika na tarehe.

Vyuo vyote viwili vilinitaka, na vyote viwili vilitaka jibu kabla ya Ijumaa. Fomu isingefika Dar kwa wakati. Ilibidi kutuma telegramu, na chumba cha telegramu kilikuwa kinakaribia kufungwa. Nilimtazama baba na shati lake jeupe, nikajisikia mwema ghafla.

"Nitakwenda Morogoro," nikasema. "Nisomee pamba."

Baba akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu tuhame. "Pamba imenikimbia mimi niliyekaa nayo miaka yote hiyo, wewe ndiyo unaikimbilia? Namba moja uliandika nini?"

"Sheria."

"Kwa nini?"

Nikatafuta sababu ya kizalendo, sikuipata. "Nilipenda suti, baba."

"Angalau hiyo ni yako," akasema. "Mimi kazi hii nilichaguliwa na baba yangu. Sikuilaumu, na niliifanya vizuri. Lakini wewe usije ukazeeka unafanya vizuri kitu nilichokitaka mimi. Ingia ndani, utume."

"Na uandike vizuri," Mafuru akasema. "Usigune."

Nikatuma. Nikaenda Dar, nikasoma sheria miaka yangu, na leo naandika mikataba ya viwanja kule Buswelu, pembeni ya Mwanza. Suti ninayo moja, navaa misibani, na sijawahi kupishwa njia na mtu ila bodaboda aliyekosa breki. Sijuti hata siku moja.

Mwaka jana binti yangu aliomba vyuo vitano akiwa kitandani, kwa kidole gumba. Majibu yalikuja wakati anapiga mswaki. Vitatu vilimkubali, akachagua kimoja kabla hajasukutua, akatupa simu kwenye mto. Nilifurahi, na nikakosa pa kuipeleka furaha. Nikamwambia avae, twende kwa bibi yake.

Mama sasa ni mzee, masikio ni mazito, lakini bado anaamini kwamba anayeleta habari njema huandaliwa chakula kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulipomweleza akapiga vigelegele, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, akaenda mwenyewe jikoni na kurudi na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Akasimama nayo katikati ya chumba, akichungulia nyuma yetu, mlangoni.

"Aliyeileta yuko wapi?"

"Hakuna aliyeileta, bibi," binti yangu akasema. "Imekuja yenyewe tu."

Mama akamtazama kwa huruma, muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Basi kaa, mjukuu wangu," akasema, akampa sahani. "Kula wewe."