Wa Mwisho Kwenye Kikombe

Kwa miaka tisa, katika kanisa letu la Kianglikana hapa Kitangari, Mwalimu Filemoni alikuwa mtu wa mwisho kupokea kikombe. Wote tukishapiga magoti mbele ya altare, tukanywa na kurudi kwenye mabenchi, ndipo yeye anainuka nyuma kule, peke yake, viatu vikilia kwenye sakafu. Padri alimzoea. Sisi nasi tukamzoea, na hatukuuliza.

Alikuwa na kinyama pembeni mwa mdomo, cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Kilimwota zamani, mkewe Selestina akiwa hai, na Selestina alipiga magoti kulia kwake kila Jumapili, akanywa baada yake bila neno. Alipofariki, nafasi ile ikachukuliwa na Yuster, Mama Trevor, mama wa makamo anayeuza mihogo sokoni. Jumapili ya kwanza tu, padri alipomletea kikombe, Yuster alikishika akakizungusha kidogo, ndipo akanywa. Mwalimu aliona. Akasema moyoni, kama alivyoniambia baadaye, huyu anakwepa mdomo wangu.

Hakumwuliza. Alifundisha hesabu miaka thelathini, na akishapata jibu lake harudii kukokotoa. Toka siku hiyo akahamia mwisho, asimchafulie mtu. Wala jambo halikuishia kanisani. Bombani, ambako tunasubiri maji nusu siku na kupokezana kikombe kimoja cha plastiki, akawa anakuja na cha kwake kimefungwa kwenye baiskeli. Msibani akaacha kula sinia moja na wenzake, akisingizia tumbo. Binti yake Gift yuko Mtwara na kazi zake. Jioni nilimkuta barazani na sahani moja, kikombe kimoja na redio. Nilimsalimu nikapita. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo nilivyofanya.

Mwaka huu, baada ya msimu wa korosho, akaenda hospitali Newala. Daktari, binti mdogo, akakitazama akamwambia ni kinyama tu cha ngozi, wengi wanavyo shingoni na kwapani, hakina ubaya, hakiambukizi, angeweza hata kuzikwa nacho. Mwalimu akajibu kwamba hataki kuzikwa nacho. Akachomwa sindano ya ganzi, kikakatwa, pakaunguzwa kidogo damu isitoke. Alipoambiwa ainuke alidhani hawajaanza. Kabla ya kutoka akaomba aandikiwe kwamba hakikuwa cha kuambukiza. Daktari akacheka, lakini akaandika na mhuri akagonga.

Kidonda kilipokauka, Jumapili moja Mwalimu akainuka pamoja na sisi. Akapiga magoti pale pake pa zamani, Yuster kulia kwake. Akanywa. Padri akasogea kwa Yuster, naye Yuster akakishika kikombe, akakizungusha.

Baada ya ibada Mwalimu alimsubiri Yuster mlangoni, karatasi ya daktari mkononi. Nilikuwa karibu nikasikia.

"Mama Trevor," akamwambia kwa sauti ya chini, "mbona bado unakizungusha? Kimeshatolewa. Soma hapa."

Yuster akaisoma karatasi, asielewe. Akasema anakizungusha toka alipopata kipaimara, kwa sababu kikombe kile kina msalaba mdogo umechorwa upande mmoja, na mama yake alimfundisha anywee hapo penye msalaba. Hufanya hivyo hata atanguliwe na nani. Kisha akauliza ni kitu gani kilichotolewa.

Mwalimu akamwonyesha pembe ya mdomo. Yuster akasogea, akatazama, akatikisa kichwa. Hakukumbuka kinyama chochote.

"Mie nilijua umeweka nadhiri, Mwalimu," akasema. "Toka Mama Gift afariki. Sote tulijua hivyo, tukakuacha."

Nami nilikuwa mmoja wa hao sote.

Mwalimu akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akamshukuru Yuster kwa adabu.

"Miaka tisa," akasema, wala hakuwa akisema na yeyote kati yetu. "Jumapili mia nne sitini na nane."

Kisha akaichukua baiskeli yake, akaikokota kuelekea nyumbani, kile kikombe chake kikigonga fremu.